Mwaka Tulioomba Chumba

Mchungaji alituambia baada ya ibada, tukiwa tumesimama kwenye kivuli cha tangi la maji, na alizungumza kwa upole sana hata mwanzoni sikuelewa kwamba tunaondolewa. Kanisa limekua, alisema. Watoto wa shule ya Jumapili wanasomea nje, na jua la Voi tunalijua. Kamati ilikuwa imeketi na kuona kwamba kile chumba cha nyuma, ambacho sisi wazazi wa watoto wenye ulemavu tulikitumia kila Jumamosi, kirudi kwa kanisa mwaka utakapoisha.

"Hatuwafukuzi, mama," akaniambia. "Mna muda wa kutafuta pengine."

Nilimshukuru. Baba yangu alitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, nami nimezaliwa na kukulia katika nyumba za reli hapa Voi. Mtu aliyekulia humo hujifunza mapema kumshukuru mwenye nyumba hata siku anapoambiwa atoke. Lakini nilipofika kwangu nilikaa mbele ya cherehani bila kuikanyaga. Nilikuwa na sare za shule za kumaliza, na hata uzi sikuutunga kwenye sindano.

Chumba chenyewe hakikuwa na uzuri wowote. Sakafu ilikuwa imepasuka, dirisha halikufungika vizuri, na vumbi jekundu liliingia hata siku zisizo na upepo. Ila kila Jumamosi daktari wa mazoezi kutoka hospitali alikuja humo bila malipo, akavua viatu, akaketi nasi kwenye mikeka, akatuonyesha namna ya kuwanyoosha watoto viungo na namna ya kuwalisha wasipaliwe. Binti yangu ana mtindio wa ubongo. Miguu yake hukaza kama kamba iliyolowa, na maneno yake ni machache, ingawa husikia kila kitu na husahau kidogo sana. Ni katika chumba kile aliposimama mara ya kwanza, akiwa ameshika ubao tuliopigiliwa ukutani na fundi mmoja. Alikuwa msichana mkubwa tayari. Mimi nilikuwa nimepiga magoti nikimshika nyonga, kwa hiyo alinitazama kutoka juu, na tangu nizaliwe sijaona mtu mwenye majivuno kama yale.

Baba yake anafanya kazi Mombasa na huja mwisho wa mwezi. Nilimpigia simu siku ile nikamweleza habari za chumba. Akasema, "Si mtafanyia nyumbani tu?" Sikumlaumu. Yeye hakuwahi kuona wale wamama siku ya Jumamosi, wanavyoingia mlangoni wakiwa wamekunja uso, na wanavyotoka.

Aliyetutajia wakfu wa duka la mabati na saruji ni daktari wa mazoezi. Mjini hakuna asiyelijua duka lile. Mzee aliyelianzisha alitoka pwani zamani, akafanya biashara Voi hadi alipofariki, na watoto wake wakatenga sehemu ya mali yake iwe wakfu wa kusaidia watu wa hapa. Walikuwa wamewalipia watoto kadhaa karo na kuijengea shule moja vyoo. Duka watu walilijua. Ngazi iliyo ubavuni mwake, inayopanda hadi kwenye ofisi ya wakfu, wachache walikuwa wamewahi kuikanyaga.

"Nendeni mkaombe," daktari akasema. "Wakikataa, mtakuwa pale pale mlipo."

Kwa mtu anayeomba si kweli kwamba hubaki pale pale. Ukikataliwa, kuna mlango mmoja zaidi mjini ambao utaupita ukiangalia upande mwingine. Lakini wazazi walikuwa wamenichagua mimi kuwa mwenyekiti wao, kwa sababu nasoma na kuandika vizuri na kwa sababu naishi karibu. Nikaipanda ile ngazi.

Nilikwenda na mwenzangu wa Mbololo. Huyu alikuwa mama wa kwanza kuzungumza nami siku nilipompeleka binti yangu hospitali kwa mazoezi, tulipokuwa wote wageni. Yeye ni Mtaita wa milimani, mkulima wa mahindi na mbaazi, mfupi, mwenye mabega mapana. Mwanawe wa kiume ana umri kama wa binti yangu, na hali yake ni nzito kuliko ya binti yangu. Hakai bila kushikwa. Kila Jumamosi mwenzangu alimfunga mgongoni kwa leso mbili, akateremka naye mlima hadi barabarani, ndipo akapata gari la kuja mjini. Miguu ya kijana ilikuwa mirefu hata ikakaribia kuburuzika chini.

Afisa wa wakfu alikuwa msichana mwenye nywele zilizosukwa vizuri na sauti ya kutulia. Alituketisha, akatuuliza kama kikundi kimesajiliwa, kama tuna akaunti ya benki, kama kuna mtu wa kumthibitisha daktari. Nilijibu ndiyo kwa kila kitu.

"Na mnataka nini hasa?"

"Chumba," nikasema. Kulikuwa na ghala karibu na soko ambalo mwenyewe alikuwa tayari kutukodishia. Tuliomba kodi, matengenezo kidogo, na vifaa vya mazoezi.

"Basi andikeni yote hayo, na muandike yatawasaidia watoto vipi. Bodi haipendi maneno mengi, ila inapenda kuelewa."

Kuandika kule kulinichosha kuliko kushona. Daktari alinipa meza yake saa za chakula cha mchana, nami nikabaki nikitazama mahali palipoulizwa matokeo tunayotarajia. Niliandika: watoto wakae vizuri. Nikafuta. Niliandika: watoto watembee. Nikafuta haraka zaidi, maana nilijua kuna ambao hawatatembea, na mmoja wa wamama angeweza kuyasoma maneno yale na kuyaamini. Mwishowe daktari akaniambia niandike kwamba viungo vya watoto visizidi kukaza na mama zao wasiumie. Nikaandika hivyo. Nilipompelekea afisa karatasi zile alisema tutapigiwa simu.

Tangu siku ile simu yangu ikawa mtoto wa pili. Nililala nayo chini ya mto. Nikienda kuoga, naiweka juu ya ukuta wa bafu nione ikiwaka. Kampuni ya simu ilipenda kunitumia ujumbe wa matangazo alfajiri, na kila mara niliruka kuusoma. Wiki zilipita. Wamama wakaanza kuniuliza Jumamosi, kwanza kwa maneno, baadaye kwa macho tu. Mmoja akasema, si kwa ubaya, kwamba pesa kama zile huenda kwa wenye jamaa ndani. Nilimjibu kwa ukali ambao haukumstahili, nikaona daktari akinitazama.

Simu ilipokuja nilikuwa nampima mtoto wa shule mabega, utepe wa kupimia ukiwa mkononi.

"Mwenyekiti wa bodi angependa kuwatembelea," afisa akasema. "Alhamisi."

"Karibuni sana! Tutawaleta watoto wote pale kanisani, tutapika chai..."

"Hapana, mama. Hataki mkutano. Anataka kuona nyumbani kwa mtoto anayetoka mbali zaidi."

Niliposikia hivyo nikajua ni kwa mwenzangu, na papo hapo nikaona tundu lililokuwa kwenye ombi letu tangu mwanzo. Tulikuwa tunaomba chumba kando ya soko la Voi, na mtu wa kwanza watakayemwona ni mama anayeshuka mlima na mtoto mgongoni ili akifikie. Nilimpigia mwenzangu mara moja.

"Wakikuuliza habari ya njia, waambie gari hupatikana," nikamwambia.

"Gari hupatikana barabarani. Mimi niko juu."

"Najua. Lakini usianze na hilo."

Akacheka kidogo. "Dada, hao watakuja na macho yao."

Alhamisi asubuhi nilimwacha binti yangu kwa jirani, nikavaa gauni langu la kwenda arusini. Kabla sijatoka mlangoni, simu ikalia. Mwenzangu alikuwa ananong'ona kana kwamba walio karibu naye wangemsikia.

"Usije kwanza. Ndovu wako kwenye njia ya chini."

Walikuwa wametoka upande wa mbugani, wakapita kwenye mashamba ya watu na kula mahindi yaliyokaribia kukauka, na kulipopambazuka hawakurudi. Walisimama kati ya nyumba yake na barabara. Askari wa wanyamapori walikuwa wameitwa. Nilimuuliza kama mtoto yuko ndani. Akasema yuko ndani na anawasikia na anafurahi, kila tawi likivunjika anapiga kelele za furaha, na yeye anamziba mdomo.

Niliketi kwenye kizingiti na gauni langu hilo. Nilipaswa kumpigia afisa. Kama ningemwambia, wangeahirisha, na bodi ikiahirisha jambo huwezi kujua litarudi lini. Nisingemwambia, ningewapeleka wageni mbele ya ndovu. Nikampigia. Nikamsikia akimweleza mtu kando yake, halafu sauti ya mtu mzima, ya pwani, ikasema waziwazi, "Ndovu nao wataondoka. Tutangojea."

Tulingoja hadi askari walipofyatua baruti na kundi likasogea. Gari la wakfu lilinichukua njiani. Mwenyekiti wa bodi alikuwa binti mkubwa wa yule mzee wa duka, mama aliyepita makamo, mwenye ushungi wa kijivu na fimbo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha hakusema tena neno njia nzima. Mimi nilisema kwa niaba ya wote. Nilieleza habari za mazoezi, za ghala, za daktari, nikasikia sauti yangu ikizidi kwenda juu, na sikuweza kuinyamazisha. Afisa alikuwa anatazama dirishani.

Gari lilifika mwisho wa barabara. Kutoka pale kuna kijia kinachopanda kwenye mawe, na siku ile kilikuwa kimejaa matawi yaliyovunjwa na kinyesi kipya cha ndovu. Mama yule alishuka, akakitazama kijia, akaitazama fimbo yake.

"Ni mbali?"

"Si mbali sana," nikasema.

Afisa akaniangalia. "Ni mbali kiasi gani, mama?"

Sikuwahi kujibu, maana mwenzangu alikuwa anateremka. Hakuwa amengoja. Aliniambia baadaye kwamba aliona gari likisimama kule chini, akaogopa kwamba tukiona njia tutageuza, basi akamfunga mtoto akaja. Alikuwa anashuka ubavu-ubavu, mkono mmoja nyuma kushika paja la mwanawe, mkono mwingine ukishika vichaka. Kichwa cha kijana kilikuwa juu ya bega lake na kilicheza kila alipokanyaga. Sisi tulisimama tu. Nilikuwa nimemwona mara nyingi akiingia mlangoni mwa kanisa, lakini mlima ule akiwa naye mgongoni sikuwa nimewahi kuuona.

Alipofika alitaka kumwamkia mgeni, pumzi ikamkataa. Tulimsaidia kumshusha kijana juu ya jiwe pana, mama yake akakaa nyuma yake ili aegemee kifuani. Yule mama wa wakfu naye akaketi kwenye jiwe lile lile bila kupangusa vumbi. Kijana akaunyakua ushungi wake kwa vidole vyake vilivyokunjamana, akavuta, akacheka. Afisa akaruka kumzuia.

"Mwache," yule mama akasema. Akamshika mguu. "Miguu yake ni ya baridi."

"Damu haishuki vizuri akifungwa," mwenzangu akasema.

"Mkipata hicho chumba chenu mjini, huyu atafikaje?"

Lilikuwa ndilo swali. Nikafungua mdomo, lakini mwenzangu alinitangulia.

"Nitambeba, kama ninavyombeba."

"Mpaka lini, mwanangu?"

"Mpaka nishindwe."

"Na ukishindwa?"

Mwenzangu alishika kidevu cha mwanawe akampangusa mate kwa pindo la leso. Mimi niliwaza kwamba tumekwisha, kwamba ombi letu limekufa pale pale juu ya jiwe, na nilimkasirikia mwenzangu kwa kusema kweli, na kukasirika huko kukaniumiza zaidi. Yule mama wa wakfu aliomba maji ya kunywa, hatukuwa nayo, dereva akaleta chupa kutoka garini. Alimnywesha kijana kwanza. Maji mengi yakamwagika kifuani.

Tukarudi mjini. Aliponiteremsha alisema, "Bodi itaketi, inshallah," na kioo kikapanda.

Mvua za vuli zilikuja mapema mwaka ule. Kwa mkulima ni baraka. Mimi nilikuwa naziangalia zikipiga bati na kufikiria kijia kile. Jumamosi moja mwenzangu hakuja. Simu yake haikupatikana. Jumatatu jirani yake ndiye aliyenipigia: ameteleza akiwa na mtoto, yuko hospitali. Nilifunga kibanda changu cha kushonea nikaenda hivyo hivyo, uzi ukiwa umenikwama kwenye nywele. Nilimkuta kitandani, mkono umevunjika juu kidogo ya kiganja. Kijana alikuwa kando yake, uvimbe kwenye paji la uso, mzima.

"Nilimkinga," akaniambia. "Nilipohisi tunakwenda, niligeuka ili nianguke mimi chini." Kisha akaanza kulia, kwa sauti ya chini, akiwa ameuma leso. "Nani atambeba sasa?"

Nilikaa naye mpaka saa za wageni zikaisha. Nikitoka nilisimama kwenye lango la hospitali bila kujua niende upande gani. Ombi letu lilikuwa bado mezani kwa bodi. Wakijua kwamba mama yule yule waliyemwona amevunjika, si watasema kikundi hiki hakina nguvu? Au watasema tulikuwa tunamhatarisha mtoto kila Jumamosi, na kwamba chumba chetu ndicho chenye makosa? Niliwaza vilevile kwamba wakigundua wenyewe itakuwa mbaya zaidi. Miguu yangu ilikata shauri kabla yangu, nikajikuta kwenye ile ngazi ya ubavuni.

Nilimweleza afisa nikiwa nimesimama. Hakuandika kitu. Alivua miwani, akaiweka mezani.

"Nimefanya vibaya kukuambia?" nikamuuliza.

"Sijui, mama," akasema. "Bodi inaketi karibuni. Nitawaambia kama ulivyoniambia."

Jibu hilo lilinitesa siku zote zilizofuata. Nilikata kitambaa cha sketi upande usiofaa. Nilimkemea binti yangu kwa kumwaga uji, na kumwaga uji si kosa lake hata siku moja. Akanitazama kwa mshangao, akageuza uso. Nilimwomba radhi. Alikaa muda mrefu kabla hajanipa mkono.

Siku tulipoitwa nilikwenda na daktari wa mazoezi, maana mwenzangu alikuwa bado na plasta. Yule mama wa wakfu alikuwa nyuma ya meza, fimbo imeegemezwa ukutani.

"Chumba hatutawapa," akasema.

Nilishika ukingo wa kiti. Nilisikia magari barabarani, nikasikia watu wakipakia mabati kule chini dukani, kelele za bati juu ya bati.

"Nisikilizeni kwanza. Nilimuuliza daktari wenu. Watoto wenu wengi wanatoka juu, na kuna wengine hawaji kabisa kwa sababu mama zao hawana mgongo wa yule niliyemwona. Nikiwapa chumba mjini, nitakuwa nimewaambia waendelee kubeba. Kule chini ya mlima pana zahanati, na ina chumba kisichotumika wikendi. Tumezungumza nao. Daktari atakwenda kwao, wakfu utagharimia safari yake na viti vya watoto, kila kiti kwa kipimo cha mtoto wake. Asiyeweza kufika hata hapo, daktari atamfuata nyumbani. Ni kwa mwaka mmoja. Baada ya hapo tutatazama."

Daktari alianza kushukuru. Mimi nilikuwa bado nahesabu kichwani ni nani aliyebaki nje. Sisi wa mjini. Binti yangu, ambaye alitoka kwangu hadi kanisani kwa kiti chake cha magurudumu kwenye barabara tambarare. Mimi ndiye niliyeandika, niliyepanda ngazi, niliyelala na simu chini ya mto, na kilichopatikana kimeelekea mlimani na kuniacha bondeni.

"Una neno, mwanangu?" yule mama akauliza.

"Asante," nikasema. Safari hii ilinitoka kwa shida.

Wamama wa mjini hawakulipokea jibu hilo vizuri. Tulikutana mara ya mwisho katika kile chumba cha kanisa, na mmoja, ambaye mtoto wake bado ni mdogo, aliniambia usoni: "Tulikutuma ukatuombee. Umewaombea wengine." Daktari alieleza kwamba hospitali itaendelea kuwaona watoto wa mjini siku za kliniki, lakini wote tulijua kliniki ilivyo, foleni na dakika chache. Wengine walikunja mikeka yao wakaondoka nayo. Nilirudi nyumbani nikimsukuma binti yangu, na alikuwa anapiga kelele ile anayopiga akitaka tuimbe. Sikuweza kuimba.

Nilifikiri sitakwenda Mbololo. Nilimwambia mume wangu kwenye simu kwamba sasa nitafanyia nyumbani, kama alivyosema. Akanishangaza. "Na yule mwenzako?" akauliza. "Utamwacha peke yake huko?"

Tukaenda. Mara ya kwanza binti yangu alitapika garini, na nilijuta kila kona. Zahanati iko mahali ambapo upepo wa mlimani unafika, na chumba kilikuwa kimefagiliwa. Walikuwepo watoto ambao sikuwahi kuwaona, mmoja akiwa kijana mwenye ndevu zinazoota ambaye, mama yake alisema, hakuwa ametoka nje ya boma lao tangu utoto. Alikuwa anatazama dari na kila mtu kwa zamu, macho yamemtoka.

Viti vilikuwa vimeletwa na seremala. Cha mtoto wa mwenzangu, ambaye siku hiyo alibebwa na jirani, kilikuwa na mikanda kifuani na mahali pa kuegemeza shingo. Daktari na mimi tukamkalisha, tukafunga, tukarekebisha, tukamwachia. Alikaa. Mama yake alikuwa mbele yake, mkono wenye plasta umening'inia kwenye kitambaa shingoni. Miaka yote kijana huyu alikuwa mgongoni mwake au mapajani mwake. Sasa walikuwa wanatazamana ana kwa ana, kama watu wawili waliokaa mezani.

"Ana uso wa baba yangu," mwenzangu akasema. Akarudia kwa Kidawida, lugha ya kwao, akimwambia kijana mwenyewe, na kijana akapiga ubao wa kiti kwa kiganja.

Tangu hapo tumekuwa tukienda kila Jumamosi. Wawili kati ya wamama wa mjini walijiunga nasi baadaye. Yule aliyeniambia maneno makali hakuja, na tukikutana sokoni tunasalimiana kwa ufupi. Binti yangu hatapiki tena. Mwaka wa ufadhili ulipoisha tuliomba upya, wakatupa, ingawa si kila kitu tulichoomba, na sasa tunaelekea kuomba mara ya tatu. Bado nalala na simu chini ya mto. Juu ya hayo, daktari ametuambia kwamba huenda akahamishwa kaunti nyingine, na haijulikani kama atakayekuja atakubali kuwafuata watoto wa mlimani Jumamosi. Kwa hiyo anatufundisha haraka. Ananishika mikono anaiweka inapotakiwa, anasema hapa, si hapo, sikiliza msuli kabla hujauvuta.

Jumamosi iliyopita daktari alichelewa. Alikuwa ameingia mama mgeni, msichana bado, na mtoto mchanga aliyemfunga kwa shuka la hospitali. Alisimama mlangoni akimtazama kijana wa mwenzangu kwenye kiti chake, akamtazama binti yangu aliyekuwa ameshika ubao mpya tuliopigiliwa ukutani hapo, akaanza kurudi nyuma. Nilimfuata nikamshika mkono, nikamketisha kwenye mkeka.

"Atatembea?" akaniuliza.

"Sijui," nikamwambia. "Mfungue, nimwone miguu."